Kondomu tumeelewa, sasa tuambieni na mengine



Leo sina stori za boom (lile lile, bado halijaingia) wala za foleni ya Cafe. Leo nina hasira na itakuwa ndefu. Mwenye tesiti kesho aende akadese, mwenye nafasi avute kimbweta tuongee.

Wiki iliyopita tulikuwa na semina ya afya ya uzazi. Mlijaa, na sababu naijua, kulikuwa na soda na fulana. Kwa hesabu yangu tangu niko sekondari hii ni semina ya saba, na zote zimetoka kwenye desa moja: kondomu inavaliwa hivi, vidonge vinamezwa hivi, P2 mwisho masaa 72, mimba ikiingia ndoto kwisha habari yake. Sawa kabisa. Sibishi hata nukta, wapo tuliosoma nao ambao wangekuwa hapa leo kama wangeyasikia mapema. Ila mwishoni akasimama dada mmoja wa mwaka wa pili, akauliza swali lililoizidi semina nzima: na mtu akitafuta mtoto akakosa, anafanyiwa nini? Hiyo IVF ni kitu gani? Ukumbi ukacheka. Mtoa mada akacheka nao, akamwambia, "Wewe maliza shule kwanza, hayo ya wakubwa." Soda zikagawiwa.

Ya wakubwa! Ukumbi mzima ni watu wa miaka 21 mpaka 26. Tunapiga kura. Tumesaini mikataba ya mkopo tutakayoilipa mpaka mvi zitoke. Wengine humu wameshatolewa mahari. Lakini kujua mtoto anapatikanaje pale njia ya kawaida inapogoma, eti bado wadogo. Na hao wakubwa wenyewe ni akina nani? Maana kwa ninavyoona mimi hata wao hawajui, na wanapokuja kujua wameshauza kiwanja.

Nasema hivi: kutunyima somo hili sasa si adabu wala si kutulinda. Ni kutuandaa tuje kutesa wake zetu na kutapeliwa mjini. Na somo lenyewe likija, lianze na sisi wanaume.

Kuna mtu ameshaanza kuniambia ni tatizo la wachache. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023: karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake. Na ugumba kwa maana yao si laana, ni kipimo cha muda tu: mmekutana mara kwa mara bila kinga miezi 12, mimba haijaingia. Lile somo letu la pamoja pale Yombo tunakaa kama mia tatu. Gawa mwenyewe kwa sita. Hao hamsini tunakula nao, tunadesa nao, na hawajijui. Ripoti hiyo hiyo inasema kati ya nchi tajiri na nchi kama zetu kiwango hakitofautiani sana.

Kinachotofautiana ni nani anatibiwa. Na hapa huwa naletewa ile hoja ya wasomi wa kijiweni: "Mwafrika anazaa sana, IVF waachie Wazungu wanaoisha." Ni kweli, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta mwanamke wa Tanzania kwa wastani anazaa watoto 4.8. Lakini wastani haumpakati mtu mtoto. Mwenye watoto tisa Kahama hampunguzii chochote asiye naye Tandika.

Mnajua hoja hiyo ilishatumika wapi? Uingereza kwenyewe. Mwaka 1971 mwanasayansi Robert Edwards na daktari wa wanawake Patrick Steptoe waliomba fedha kwenye baraza la taifa la utafiti wa tiba, wakanyimwa. Sababu zilikuwa kadhaa, mojawapo ni hii hii: dunia inajaa, shida ya sasa ni kuzuia uzazi, si kuutafuta. Wakaendelea kwa fedha za watu binafsi, wakiwa na Jean Purdy, muuguzi aliyegeuka mtaalamu wa maabara, ambaye jina lake lilisahauliwa kwa miaka mingi (kawaida yetu, mama kapika, baba kasifiwa). Tarehe 25 Julai 1978, mji wa Oldham, akazaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani. Edwards alipewa Nobel mwaka 2010, wenzake wawili wameshafariki. Leo watoto waliopatikana kwa njia hii wamepita milioni 10. Na wewe uliyeniambia pale Mabibo kwamba hao watoto hawazai, pole: Louise alizaa mwaka 2006, kawaida kabisa, na mdogo wake Natalie, naye wa IVF, alishamtangulia kuzaa mwaka 1999.

Sasa sehemu inayoniuma. Mama yake Louise, Lesley Brown, shida yake ilikuwa nini? Mirija ya uzazi iliziba. IVF ilibuniwa ili kuiruka mirija iliyoziba. Na moja ya matatizo makubwa kabisa ya wanawake wa huku kwetu wanaotafuta mtoto ni lipi? Mirija iliyoziba, kwa sababu ya klamidia na kisonono zisizotibiwa, mimba zilizotolewa vichochoroni, maambukizi baada ya kujifungua. Yaani tiba ilitafutwa kwa shida inayofanana na yetu, halafu sisi ndio tunaambiwa haituhusu.

Haya, inafanywaje? Nitaeleza kama nilivyowaeleza kidato cha tatu nilipokuwa mazoezi ya kufundisha, maana huko mwanafunzi aliniuliza kama mtoto wa chupa anakuwa na kitovu. Darasa likamzomea. Nikaenda chumba cha walimu nikalirusha lile swali, walimu wazima wakaanza kubishana.

Kwanza hakuna chupa. Jina la Kilatini lina maana ya "ndani ya kioo", na kioo chenyewe ni kisahani cha maabara. Mtoto hakai humo. Mwanamke anachomwa sindano za homoni kwa kama siku 10 hivi ili mayai kadhaa yakomae kwa pamoja, badala ya moja la kila mwezi. Anafuatiliwa kwa altrasaundi na vipimo vya damu. Yakiwa tayari anapewa dawa ya kumlaza, sindano ndefu inapitishwa ukeni ikiongozwa na altrasaundi, mayai yanavutwa. Siku hiyo mwanaume anapewa kikopo, anatoa mbegu, kazi yake imeisha, kachangia dakika kumi. Mayai na mbegu vinakutanishwa kwenye kisahani. Mbegu zikiwa chache au dhaifu, mtaalamu anachukua moja tu kwa sindano nyembamba kuliko unywele na kuiingiza ndani ya yai. Ufundi huo ulileta watoto wake wa kwanza mwaka 1992, kazi ya watafiti wa Brussels, na uliwafungulia mlango wanaume ambao zamani walikuwa hawana la kufanya.

Yai likirutubishwa linaanza kujigawa, linakuwa kiinitete. Siku ya tatu au ya tano kinawekwa kimoja, pengine viwili, kwenye mji wa mimba kwa mrija mwembamba, hakuna kupasuliwa. Vinavyobaki vinaweza kugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Halafu mnasubiri kama wiki mbili. Ikishika, kuanzia hapo ni mimba kama mimba: kichefuchefu, kliniki, kutamani udongo. Na kitovu kipo.

Si kila mwenye shida anafikia huko, hili nalo watu hawaambiwi. Kuna wanaohitaji vidonge tu vya kulisaidia yai lipevuke. Kuna wanaosafishiwa mbegu na kuwekewa kwenye mji wa mimba siku yai linapotoka, basi.

Nimesema "ikishika", na neno hilo naomba mlishike, hasa nyie mliojigeuza washauri wa uzazi: "Piga kazi kwanza, jenga, zunguka dunia, ukifika 42 utafanya IVF." Nani kawadanganya kwamba hii ni tairi la akiba? Kwa takwimu za Uingereza, mwanamke wa chini ya miaka 35 anayetumia mayai yake, kiinitete kikipandikizwa, nafasi ya kuzaa ni kama 1 kati ya 3. Akipita 43 inashuka mpaka kama 5 kati ya 100. Mwanamke anazaliwa na mayai kama milioni 1 mpaka 2, akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na kiwanda cha kuongeza hakuna. Sindano za homoni zinayaamsha yaliyopo, haziyafanyi kuwa mapya.

"Mbona yule mama wa Kampala kazaa ana miaka 70?" Nilijua mtaleta. Ni kweli, Novemba 2023 alijifungua mapacha, picha mkazituma kila grupu na maneno ya "Mungu hachelewi". Ambacho hamkutuma ni kwamba mayai hayakuwa yake, yalitoka kwa mchangiaji. Siwaambii mzae kesho, mimi mwenyewe hata sahani ya wali maharage naikopa. Nasema mtu aamue kuchelewa akijua hesabu, asiamue kwa picha ya WhatsApp.

Sasa wanaume wenzangu, sogeeni, acheni kuangalia simu.

Katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu mwanaume ana mchango, peke yake au pamoja na mkewe. Nusu! Lakini ni nani anaanza kupelekwa hospitali? Nani anaanza kunyweshwa? Kipimo cha mwanaume ndicho chepesi kuliko vyote: unakaa siku 2 mpaka 7 bila kutoa, unapewa kikopo, darubini inahesabu. Hakuna sindano, hakuna kulazwa. Kipimo cha mirija ya mwanamke ni kupitishiwa dawa kwenye mji wa mimba na kupigwa eksirei, na si starehe. Mtu mwenye akili timamu angeanza na kipi? Au angalau vyote pamoja.

Tatizo letu tunachanganya nguvu na mbegu. Nguzo za umeme kuanzia Ubungo mpaka Mwenge zimebandikwa matangazo ya nguvu za kiume, na tumeamini kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye mbegu. Hapana. Unaweza kuwa simba chumbani na kwenye darubini hakuna kitu. Ukiyaangalia kwa macho, uzito wake na wingi wake havikuambii chochote. Kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona cha kawaida, kwa mwongozo wa 2021, ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na chini ya hapo si kwamba huzai, ni kwamba inakuwa ngumu. Na idadi peke yake haitoshi, wanatazama pia kama zinaogelea au zinazubaa.

Mbegu inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya leo inaweza kuonekana kwenye kipimo cha mbele. Kisonono kinaweza kuziba njia kwa mwanaume kama kinavyoziba mirija kwa mwanamke. Matubwitubwi ukiyapata umeshabalehe yanaweza kushuka mpaka kwenye korodani. Na nyie wa jimu mnaojichoma testosteroni na vitu vya kutunisha kifua, hili nalisema taratibu: mwili ukiona homoni inaletwa kutoka nje, unaziamuru korodani zipumzike. Kifua kinatuna, kiwanda cha mbegu kinafungwa. Wengi hurudi wakiacha, ila ni miezi, wengine hupita mwaka. Mshkaji wangu mmoja wa jirani na chumba nilipomwambia hivi alidhani namwonea wivu mikono.

Kwa nini nakomaa na wanaume? Ni kwa ajili ya dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Amenipa ruhusa kuandika, kwa sharti kwamba nisitaje mji.

Aliolewa mwaka 2015. Mwaka wa kwanza utani, wa pili maswali, wa tatu mawifi wakaanza kumwita "mgeni" ndani ya nyumba yake. Akanyweshwa mizizi. Akapelekwa kwa mganga akachanjwa. Akameza dawa za kuzibua mirija ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipima. Mwishowe akaenda kupima mwenyewe, kwa siri, kwa hela yake ya biashara ya vitenge: mirija iko wazi, mayai yanapevuka. Daktari akasema, mama, mlete baba. Baba alichukua miaka miwili kukubali. Majibu: sifuri. Wakarudia, sifuri.

Jamani, sifuri siyo mwisho wa dunia. Wakati mwingine kiwanda kinafanya kazi, ila njia ndiyo imeziba, na daktari anaweza kuvuta mbegu moja kwa moja kutoka kwenye korodani, akazitumia kwa ule ufundi wa kuingiza mbegu moja ndani ya yai. Wakati mwingine kiwanda chenyewe kimelala, hapo kuna vipimo vingine vya kufanya kabla ya kukata tamaa. Shemeji aliambiwa yote haya, kwa Kiswahili kilichonyooka. Jibu lake likawa daktari kahongwa. Mwaka mzima, daktari kahongwa. Kisha akamrudisha dada kwao na kuoa mwingine. Huyo mwingine sasa yuko mwaka wa tatu, na nasikia naye ameshaanzishiwa mizizi.

Shemeji ana digrii. Alikaa kwenye semina kama hizi zetu, fulana alipewa. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mwanaume anaweza kukosa mbegu na akabaki mwanaume. Ukilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza una miaka 36, mama yako mzazi yuko sebuleni anasubiri mjukuu, unalisikia kama tusi. Ukilisikia una miaka 22, umekaa na wenzako mia tatu, mnacheka, mnataniana, lakini linakaa kichwani. Siku likikukuta unakuwa umeshazoeana nalo. Hiyo ndiyo sababu nataka lisemwe sasa, siyo baada ya harusi.

Dada zangu wa Hall 3, na nyie mna yenu. Huko Instagram mnakonunua unga wa "kusafisha kizazi" na "kuzibua mirija" kwa hela ya boom, mmewahi kuuliza mrija wenyewe ukoje? Ni mwembamba, ndani una vinyweleo laini vya kulisukuma yai. Maambukizi yakishaacha kovu humo, hakuna unga wa kulifuta. Si bomba la sinki. Anayewauzia hajawapima, hajui hata kama umeziba, na ndiyo maana dawa yake "inafanya kazi": kaziuzia wengi ambao hawakuwa na tatizo.

Kinachofanya kazi ni cha bei ndogo na hakina picha nzuri ya kupostia. Klamidia mara nyingi haina dalili, iwe kwa mwanamke au mwanaume. Inapimwa, inatibiwa kwa antibayotiki, inaisha. Lakini tukisikia muwasho tunakimbilia duka la dawa, muuzaji anasema "UTI hiyo", tunameza nusu dozi, tunanyamaza, na mwenzio hatibiwi. Huko ndiko mirija inakoharibikia. Siyo kwenye P2! Hili nalo nimechoka nalo. P2 inachelewesha yai kutoka, basi, haiui kizazi. Vidonge havijazi tumbo na kukaa humo. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inaweza kuchelewesha kurudi kwa uzazi kwa miezi kadhaa, baada ya hapo unarudi. Tunaogopa kinachotulinda na tunakichekea kinachotuharibu.

Najua wapo wenye hoja ya imani, na hao siwafanyii utani. Lakini someni dini zenu vizuri kabla ya kusema "dini imekataza". Kanisa Katoliki lilitoa waraka mwaka 1987 na halikubali IVF, linataka mtoto apatikane kwenye tendo la ndoa lenyewe, na lina wasiwasi na viinitete vinavyobaki. Msimamo huo una hoja zake, ubishiwe kwa hoja. Kwa Waislamu wa Suni, fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 iliruhusu, ilimradi mbegu ni ya mume, yai ni la mke, ndoa ipo, na hakuna mtu wa tatu. Kwa hiyo Mkatoliki na Mwislamu waliokaa kimbweta kimoja wakisema kwa sauti moja "dini zetu zinakataza", mmoja wao hajasoma. Na wote wawili wana haki ya kuelezwa kitu chenyewe ni nini kabla ya kukikubali au kukikataa.

Ya gharama sitaficha: mzunguko mmoja ni mamilioni ya shilingi, na unaweza kufeli ukaanza upya. Uganda walipata mtoto wao wa kwanza wa IVF mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006, na Dar huduma ipo, Kairuki wana kituo chao Bunju. Lakini kwa mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi bado ni kama kuambiwa kuna treni ya kwenda mwezini. Hilo ni la kupigania, bima ziguswe, hospitali za umma ziguswe. Ila atapiganiaje mtu asiyejua kitu hicho kipo?

Nimalizie na hili, maana limeingia mpaka kwenye grupu letu la darasa. Ule ujumbe wa "wanahitajika wasichana wa chuo, miaka 20 hadi 28, warembo, wenye afya, kuchangia yai, malipo mazuri, usafiri juu yetu". Wengi mlicheka, wawili niliwaona wakiuliza namba. Sina ugomvi na anayechangia, kuna familia zina watoto kwa sababu hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba aliyetuma ule ujumbe anajua kila kitu, na anayeuliza namba hajui kitu. Utachomwa zile zile sindano nilizoeleza. Ovari zikichochewa kupita kiasi zinavimba, maji yanajaa tumboni, wapo wanaolazwa, na kwa nadra sana watu wamekufa. Nani analipa hospitali ukilazwa? Umesaini karatasi gani, ya lugha gani, nakala yako iko wapi? Wanakuvuna mara ngapi? Na miaka 20 ijayo mtoto akipima vinasaba akakupata, umejiandaa kusema nini? Kenya mwaka 2022 na Uganda mwaka 2023 wabunge waliletewa miswada ya kusimamia mambo kama haya. Sisi tunasimamiwa na admini wa grupu.

Ndiyo maana nimeandika barua kwa waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi. Naomba kipindi kimoja tu kwa muhula, daktari wa uzazi na mtaalamu wa maabara, na kikopo na darubini viwe mezani watu waone. Barua inahitaji majina 50. Iko kwangu, kimbweta cha nyuma ya maktaba, kila siku saa kumi jioni mpaka giza liingie. Mpaka leo nina majina 35. Ya wanawake 31. Ya wanaume manne, na moja ni langu.